Kalafati ya Damu: Hina, Vidonge vya Nondo na Mtoto Mchanga

Wiki iliyopita tuliahidi kuendelea na mada ya malezi ya yatima, lakini jambo lililotokea mbele ya macho yetu katika aqiqa moja hapa Ngamiani limetulazimisha kuiahirisha. Wasomaji watuwie radhi.

Aqiqa yenyewe ilikuwa ya mtoto wa kiume, katika nyumba iliyo kwenye mojawapo ya zile barabara zetu zinazoitwa kwa nambari. Mbuzi walikuwa wamekwisha kuchinjwa, na pilau lilikuwa limepaliwa makaa uani, pale bibi mzaa baba alipomtoa mtoto ndani ili wageni wamwone na kumwombea dua. Alikuwa amemviringa katika kanga na shali zilizotunzwa sandukuni tangu alipozaliwa baba wa mtoto huyo, na nyayo zake ndogo zilikuwa zimepakwa hina. Harufu ya vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo na mende ilitufikia kabla ya mtoto mwenyewe kufika.

Miongoni mwa wageni alikuwamo shangazi wa mama mtoto, muuguzi aliyekwisha kustaafu. Alimpokea mtoto, akamsogeza mlangoni penye mwanga, akambonyeza ncha ya pua kwa kidole, kisha akamfunua macho na kuyatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida ya mtu anayetazama mtoto wa watu.

"Mwanangu, huyu ananyonya vizuri?"

"Tangu jana ananyonya kidogo tu, shangazi. Analala mno. Nimeambiwa nimwoteshe jua la asubuhi, manjano yataondoka yenyewe."

Shangazi akamgeukia bibi. "Dada yangu, shughuli na iendelee, dua isomwe. Ila mtoto na mama yake wanakwenda hospitali sasa hivi."

Bajaji iliitwa, wakaondoka. Nasi tulibaki na sahani mikononi na swali ambalo tangu siku hiyo tumekuwa tukilifuatilia: kuna uhusiano gani baina ya kanga iliyokaa sandukuni, hina ya nyayoni, na macho ya mtoto kugeuka rangi?

Jawabu linaanzia mahali padogo sana. Miili yetu imejengwa kwa seli, na kila seli imezungushiwa utando wa mafuta wenye matabaka mawili, ambao unene wake ni takriban sehemu tano tu za milioni moja ya milimita. Utando huo ndio unaotenganisha uhai wa ndani na maji ya chumvi ya nje. Nao huchanika mara nyingi kuliko tunavyodhani. Mtu anayeteremka milima ya Usambara na mzigo kichwani, akijizuia kwa mapaja asiporomoke, hupasua tando za seli nyingi za misuli kabla hajafika bondeni, na maumivu ya kesho yake kwa sehemu hutokana na hayo. Lakini hafi wala halemai, kwa sababu tando hizo huzibwa.

Sisi watu wa pwani tuna neno letu kwa kazi hiyo. Fundi wa vyombo huko Pangani au Moa, akiisha kugongomea mbao za mashua, hupitisha pamba iliyolowa mafuta katika kila mwanya, naye huiita kazi hiyo kutia kalafati. Chombo kisicho na kalafati kitafuliwa maji mpaka mabaharia wachoke, na mwishowe kitazama. Seli nayo ina kalafati yake, na kalafati hiyo ni protini. Tunaposema protini hatukusudii ile ya samaki na maharagwe tu. Tunakusudia maelfu ya vijenzi na mafundi ambao seli hujitengenezea yenyewe kutokana na chakula hicho.

Linalostaajabisha ni namna mafundi hao wanavyoitwa kazini. Kalisi, madini yale yale yanayojenga mifupa, imejaa nje ya seli kiasi cha mara elfu kumi hivi kuliko ndani. Utando unapotoboka, kalisi humiminika kuingia, na kule kumiminika kwenyewe ndiko mbiu. Ni kana kwamba maji ya bahari yanayoingia ngamani yangemwamsha fundi aliyelala. Katika sekunde chache protini ziitwazo anexini hukimbilia kingo za jeraha na kujifuma kama wavu ili tundu lisizidi kupanuka. Nyingine, iitwayo disferlini, huwezesha vifuko vidogo vya utando vilivyomo ndani ya seli kusogea na kuungana na mahali palipochanika, mithili ya kiraka. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, katika maabara ya Kevin Campbell, walionyesha kwamba misuli ya panya wasio na disferlini haiwezi kujiziba ipasavyo. Watu waliozaliwa na kasoro katika protini hiyo huanza kudhoofika miguu, mara nyingi ujanani, mpaka wanashindwa kusimama kwa ncha za vidole. Misuli yao huchanika kama yetu sote, ila kalafati yao ina upungufu.

Sasa tuje kwenye damu. Chembe nyekundu ya damu ni seli ya ajabu kidogo, kwani inapokomaa hutupa kiini chake, yaani lile daftari lenye maelekezo ya kutengeneza protini. Hufanya hivyo ili ipate nafasi ya kubeba himoglobini nyingi zaidi. Kuanzia hapo haiwezi kutengeneza protini mpya hata moja. Ni chombo kilichotoka bandarini na kalafati yote kitakayoitumia mpaka mwisho wa safari, na safari yenyewe ni siku 120 hivi za kujipenyeza katika mishipa ambayo mingine ni myembamba kuliko chembe yenyewe. Katika wengu hupita kwenye nyufa nyembamba zaidi, na chembe ambayo utando wake umekakamaa hukamatwa humo na kuvunjwa.

Adui mkubwa wa chembe hii ni oksijeni ile ile inayoibeba. Oksijeni hutia kutu chuma, na ndani ya damu nako huzaa vitu vikali vinavyounguza himoglobini na utando. Himoglobini iliyoungua huganda vibonge vinavyonata upande wa ndani wa utando na kuukakamaza. Ili kuzuia hayo, chembe ina protini za kufuta uharibifu kila unapotokea, nazo zote hutegemea nguvu inayotoka kwa kimeng'enya kimoja. Jina lake refu ni glukozi-6-fosfeti dihaidrojenasi. Madaktari hufupisha wakaandika G6PD. Seli nyingine za mwili zina njia za ziada za kupata nguvu hiyo. Chembe nyekundu haina njia nyingine.

Na hapa ndipo habari inapotuhusu sisi wa Tanga na mwambao mzima. Watu wengi wa maeneo yetu huzaliwa na G6PD iliyo dhaifu. Duniani kote wanakadiriwa kuwa zaidi ya milioni 400, wengi wao katika nchi ambazo malaria imekaa kwa karne nyingi, na jambo hilo halikutokea kwa bahati. Kijidudu cha malaria huishi ndani ya chembe nyekundu na huzalisha humo vitu vikali vya oksijeni, hivyo chembe isiyoweza kujitengeneza vizuri huwa makazi mabaya kwake. Mwaka 1960 Anthony Allison, mwanasayansi aliyelelewa Kenya, aliandika juu ya upungufu huu katika damu za watu wa Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata yeye na David Clyde, aliyekuwa daktari wa malaria wa Tanganyika, wakachapisha uchunguzi wao kuhusu watoto wa Kiafrika wenye upungufu huo na malaria. Zaidi ya nusu karne baadaye, mwaka 2015, Alphaxard Manjurano na wenzake walichapisha utafiti kutoka kaskazini-mashariki mwa Tanzania, ndiko huku kwetu, wakaonyesha kwamba wasichana waliorithi upungufu kutoka upande mmoja tu walikuwa na kinga dhidi ya malaria kali.

Kwa hiyo upungufu huu si laana wala uchafu wa damu. Katika nchi yenye mbu umeokoa maisha ya wengi. Lakini una gharama, na gharama hiyo hudaiwa pale mwenye upungufu anapokutana na kitu kinachozidisha ule ukali wa oksijeni kwa ghafla.

Tanga imewahi kushuhudia safari ndefu ya dawa moja ya namna hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijidudu vya malaria vilikuwa vimezoea dawa zilizokuwapo, na wilaya ya Muheza ilikuwa miongoni mwa mahali pa kujaribia mseto mpya wa klorproguanili na dapsoni. Matokeo ya Muheza yaliyochapishwa mwaka 2001 yalileta matumaini, kwani dawa iliwaponya watoto ambao dawa ya zamani ilishindwa kuwaponya. Ikapata kibali mwaka 2003 kwa jina la Lapdap. Majaribio makubwa zaidi yaliyofuata barani Afrika yalipowatazama kwa makini watoto wenye upungufu wa G6PD, ikaonekana kwamba damu yao ilishuka mno baada ya kuimeza. Mwaka 2008 dawa ikaondolewa. Hatuisimulii habari hii ili kuwatisha watu wasitumie dawa za hospitali. Tunaisimulia kwa sababu dapsoni ilizuiwa na watu waliokuwa wakipima damu na kuandika daftarini. Sandukuni mwa bibi hakuna daftari.

Vile vidonge vyeupe vya nondo, vile vya asili vyenye harufu kali, hutengenezwa kwa naftalini. Mtoto huipata kwa kuivuta hewani na kwa ngozi yake laini, na mwili wake huigeuza kuwa vitu vinavyounguza chembe nyekundu kwa namna ile tuliyoieleza. Katika vitabu vya udaktari imo mifano ya tangu zamani ya watoto wachanga walioangamiza damu yao kwa sababu ya nguo na mablanketi yaliyotunzwa kwa vidonge hivi. Mafuta nayo huongeza hatari, kwa kuwa naftalini huyeyuka ndani ya mafuta na kupenya ngozi kwa urahisi zaidi. Na ni mtoto gani wa pwani asiyesingwa kwa mafuta ya nazi?

Kuhusu hina tunajua kwamba tunagusa jambo lenye heshima. Hina ni pambo la dada zetu katika idi na harusi, na hatusemi lolote dhidi yake kwa mtu mzima mwenye afya. Lakini rangi yake hutoka katika kitu kiitwacho losoni, ambacho kwa umbile ni jamaa wa karibu wa vile vitu ambavyo naftalini hugeuka kuwa. Madaktari wa Al Ain, katika Falme za Kiarabu, waliandika mwaka 2001 juu ya watoto wenye upungufu wa G6PD ambao damu yao ilivunjika kwa kiasi cha kuhatarisha maisha baada ya kupakwa hina. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba, na eneo lake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake. Nyayo mbili zilizopakwa si kidogo kwake. (Ile hina nyeusi iliyochanganywa na piko ina madhara yake mengine kabisa, hata kwa bibi harusi. Tutaizungumza siku nyingine, inshaAllah.)

Huenda msomaji akauliza mbona watu wazima wenye upungufu huo huo wanatembea mitaani bila habari. Aina ya upungufu iliyoenea zaidi kwa Waafrika haiondoi kimeng'enya chote. Hukifanya kichakae upesi. Chembe changa huwa nacho cha kutosha, na zile kongwe huwa hazina. Hivyo mtu mzima akipatwa, zinavunjika zile kongwe, mkojo unakuwa mweusi kama kahawa tungu, anachoka kwa siku kadhaa, kisha mwili unaleta chembe mpya. Katika familia zetu zenye nasaba ya Uarabuni, Uajemi au Bara Hindi kuna aina nyingine iliyo kali zaidi, ambayo mwenye nayo huweza kudhurika hata kwa kula ful.

Kwa mtoto mchanga hesabu ni tofauti. Chembe inapovunjika hutoa rangi ya manjano iitwayo bilirubini, na ini la mtoto wa siku saba bado halijapata nguvu ya kuiondoa. Rangi hiyo ikizidi hupenya mpaka kwenye ubongo. Huko huacha uziwi, viungo vilivyokakamaa, au kifo. Hayo ndiyo aliyokuwa akiyaogopa shangazi aliposimama mlangoni akibonyeza pua ya mtoto. Alibonyeza kwa sababu ngozi yetu nyeusi huficha manjano. Ukibonyeza kwa kidole na kuachia, rangi ya chini hujitokeza. Weupe wa macho na fizi havifichi kitu.

Manjano mepesi yanayoanza siku ya pili au ya tatu huwapata watoto wengi na huisha bila madhara. Hayo hayatuondolei wajibu wa kutofautisha. Manjano yanayoonekana kabla ya saa 24 za kwanza hayasubiri asubuhi. Hali kadhalika manjano yaliyofika viganjani na nyayoni, na mtoto anayekataa ziwa, anayelegea kama kitambaa, anayelia kwa sauti nyembamba ya kuchoma sikio, au anayejipinda mgongo. Huyo hapelekwi juani wala hapewi maji ya sukari. Hupelekwa hospitali, huko akapimwe damu na kuwekwa chini ya taa za buluu ambazo mwanga wake huigeuza bilirubini ikaweza kutoka mwilini. Jua la dirishani halifanyi kazi hiyo kwa kipimo, na mtoto aliyeachwa uchi juani anaweza kuungua au kupoteza maji. Na nyayo zikiwa zimepakwa hina, kama zilivyokuwa za mtoto wetu, mtu atazionaje kama ni za manjano?

Basi nguo za mtoto ajaye zitolewe sandukuni mapema, zifuliwe, zianikwe juani siku kadhaa, na zikiendelea kunuka vidonge zisimguse mtoto mchanga. Vidonge vyenyewe visikae katika chumba anacholala. Hina ingoje. Dawa yoyote asipewe mtoto, wala mama anayenyonyesha asijinunulie dukani, bila mhudumu wa afya kuulizwa. Na kama katika ukoo kuna kijana aliyewahi kukojoa mkojo mweusi baada ya dawa, au mtoto aliyewahi kubadilishiwa damu utotoni, aambiwe daktari kabla hajauliza.

Neno moja la pembeni, kwa akina baba. Kasoro hii hurithiwa katika kromosomu ya X, ambayo mtoto wa kiume huipata kwa mama yake. Ndiyo maana wavulana hupatwa zaidi. Tunalisema kwa tahadhari, kwani tumekwisha kusikia maneno mabaya yakitupwa kwa wake za watu kwa jambo la kurithi kama hili. Mama huyo naye aliipokea kutoka kwa wazazi wake, na huenda ndiyo iliyomvusha yeye salama katika malaria za utoto wake.

Yule mtoto wa aqiqa alilala chini ya taa za buluu siku nne. Alipimwa, na upungufu wa G6PD ukaonekana. Madaktari hawakuweza kuapa kama kilichomdhuru ni kanga au hina, au vyote viwili pamoja. Walisema tu kwamba vyote viondolewe. Hakuhitaji kubadilishiwa damu, alhamdulillahi, na sasa ananyonya mpaka mama yake analalamika.

Tulipokwenda kuwajulia hali Ijumaa iliyopita baada ya swala, tulimkuta bibi uani. Sanduku lilikuwa limefunguliwa na kuelekezwa juani, na kanga zimejaa kamba mbili kutoka ukuta hadi ukuta. Pembeni yake palikuwa na kikombe cha karafuu kavu, naye alikuwa akizifunga katika vitambaa vidogo vidogo, moja baada ya kingine, za kuweka baina ya nguo. Alitukaribisha kahawa, akatuambia hatujakosea kuja siku ile. Pilau la aqiqa lilibaki na hakuna aliyelila.